Jicho halina spea: Mama Miwani anajibu barua za leza

Kwa wasionijua, mimi ni nesi wa macho katika kliniki moja mjini Kisumu, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila asubuhi nasimama kando ya ile chati ya herufi nikisomesha watu wazima E, F, P kama watoto wa nasari. Jina la Mama Miwani nilipewa na wagonjwa kwa sababu tangu darasa la tano nilivaa miwani ya −6.50, nambari ya mtu asiyeona mbali, mizito hata ikanichimbia alama mbili puani ambazo hazijafutika. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Nairobi nikafanyiwa leza. Miwani imeondoka, jina limekataa kuondoka.

Mwezi jana niliitaja leza hiyo kwa mstari mmoja tu hapa, nikapokea barua nyingi kuliko siku niliyoandika kuhusu kisukari. Nimechukua tano. Nikizungumzia maumivu, ni yangu mwenyewe. Nikizungumzia vipimo, ni kazi ninayoiona kila siku. Lakini macho yenu siyaoni kutoka hapa nilipokaa, kwa hiyo mwenye kuamua ni daktari atakayeyaangalia.

Mama Miwani, mimi ni msichana wa miaka 27, nakaanga samaki hapa Dunga, kando ya ziwa. Navaa −5 macho yote mawili. Mvuke wa mafuta unaziba miwani, na nikiivua simtambui mteja wala noti anayonipa. Nimeweka akiba kwenye chama miaka miwili ili nifanye leza. Mama yangu hataki kusikia. Anasema ni majaribio ya wazungu na jicho halina spea. Je, inauma? Na nikirudi jikoni, moshi utanifanya nini? – Binti wa Dunga

Binti yangu, nisalimie mama. Kwa habari ya spea, ana haki kabisa. Kwa habari ya majaribio, amechelewa kidogo. Mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kule Marekani walichukua mabaki ya nyama ya bata mzinga iliyobaki sikukuu, wakaipiga kwa aina ya leza iitwayo eksima, wakaona imechongwa safi bila kuungua kandokando. Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald akaitumia kwenye jicho la binadamu lililokuwa likiona, na mwaka 1990 Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete akaja na ujanja wa kuifungua konea kama kifuniko kwanza, halafu kupiga leza chini yake. Hiyo ndiyo LASIK. Leza hii imekuzidi umri.

Hapo mama akinyamaza, usifurahi upesi, maana haki yake nyingine iko hapa. Konea ni kile kioo cha mbele kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho. Katikati ina unene wa kama nusu milimita. Kwa watu wengi ni mikroni 540 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Leza inaichonga iwe bapa kidogo ili mwanga utue mahali pake nyuma ya jicho. Kilichochongwa hakirudi. Ndiyo maana mimi naiogopa siku ya vipimo kuliko siku ya leza yenyewe.

Mimi nilipanda basi la usiku kwenda Nairobi nikiwa nimeshawaambia wenzangu kazini kwamba nafanya LASIK Ijumaa, Jumatatu ya wiki inayofuata niko kwenye chati. Daktari akanitia matone ya kupanua mboni, akachora ramani ya konea kwa mashine, akapima unene. Mikroni 498. Akageuza risiti yangu ya malipo, akaandika nyuma yake: kifuniko 110, leza 90, jumla 200. Karibu asilimia 40 ya konea yote. «Mimi nikifika hapo naweka kalamu chini,» akasema. Konea iliyopunguzwa mno yaweza kulegea na kuchomoza mbele miaka ikipita, na mtu akaishia na jicho baya kuliko lile alilokuja nalo. Nilikasirika, nakiri. Mtu amesafiri usiku kucha, na pesa iko mkononi. Leo daktari yule namwombea dua.

Akanipa njia nyingine, PRK, isiyo na kifuniko. Wanaondoa ile ngozi nyororo ya juu ya konea, leza inapiga hapo hapo, wanakuwekea lenzi laini kama bandeji, kisha ngozi inaota yenyewe kwa siku chache. Konea inabaki na unene zaidi. Bei yake unailipa kwa uchungu.

Sasa, kuuma. Mezani hakuumi. Unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa na kachuma kadogo usiweze kupepesa, unaambiwa uangalie taa inayometameta. Leza yenyewe kwangu haikumaliza dakika moja kwa kila jicho. Hakuna aliyenionya kuhusu harufu: ni ile ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa manyoya, na unajua fika kwamba mbuzi wa siku hiyo ni wewe. Ukijaaliwa LASIK, kuna sekunde kadhaa ambapo jicho linashikwa na kifaa cha kulifyonza litulie na unaona giza tupu. Wagonjwa waliopitia huniambia hapo ndipo walipoomba sala zote wanazozijua. Giza hilo hupita.

Baada ya PRK ndipo mambo yanapoanza. Nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Donholm, Nairobi. Ganzi ilipoisha jioni ile, ilikuwa kama mtu amechanganya mchanga na pilipili akanipaka chini ya kope. Machozi yalitiririka kama bomba lililopasuka barabarani. Dada akaning'iniza blanketi dirishani juu ya pazia. Usiku wa pili nilimtolea shemeji maneno ambayo mtu hamtolei shemeji, kosa lake likiwa kuwasha taa ya jikoni. Siku ya nne uchungu ukakatika kama umeitwa. Siku ya tano lenzi ikatolewa, nikaona ukungu. Siku ya sita nikaona vibaya kuliko siku ya nne, na mimi nesi mzima nikalia nikijua nimejiharibu. Ni ngozi inapokutana pale katikati, hufanya kikunjo kidogo kisha hujinyoosha. Simu niliisoma kwa raha wiki ya tatu. Sita kwa sita kwenye chati, yaani kuona sawasawa bila miwani, niliifikia mwezi wa tatu. Ile Jumatatu niliyowaahidi wenzangu iliniacha nikiwa kitandani.

Kwa LASIK, usumbufu mkubwa ni wa saa chache, na wengi huona vizuri kesho yake. Ila kifuniko hakifungi kama jeraha la mguu. Kikisuguliwa au kugongwa, hasa siku za mwanzo, chaweza kusogea. Kwa hiyo mwambie daktari kazi yako kabla hajapanga chochote. Usiseme «biashara». Sema mafuta ya moto hunirukia usoni, sema natumia kuni. Jibu lake laweza kubadilika. Ipo na aina ya tatu, inayoitwa SMILE, ambayo kipande kidogo cha ndani hutolewa kupitia tundu jembamba bila kifuniko. Uliza kama wanayo na kama unafaa.

Na moshi? Mtu wa ofisi hurudi kazini baada ya siku chache, jiko la kuni ni habari nyingine. Mimi ningekuambia wiki mbili kamili mbali na moshi kwa LASIK, mwezi kwa PRK, na ukirudi uvae ile miwani myeupe ya plastiki ya mafundi, inauzwa hadwea. Najua utacheka: unalipa uvue miwani, halafu nakuvisha nyingine. Hii ni ya kuzuia mafuta, na ikivunjika haidhuru. Juani vaa miwani ya giza, hasa ukifanyiwa PRK, kwa sababu jua kali katika miezi ya mwanzo huweza kuleta ukungu kwenye konea. Jua la Dunga unalijua, linapiga kutoka juu na kutoka ziwani.

Kuhusu chama: usihesabu bei ya leza peke yake. Weka nauli ya kwenda na kurudi mara tatu au nne, matone, na siku ambazo jiko halitawaka. Bima nyingi huiona leza hii kama urembo, hazilipi.

Nesi, nilifanyiwa LASIK wiki tano zilizopita. Mimi ni mwanaboda hapa Nakuru. Mchana naona mpaka nashangaa, lakini usiku taa za malori zinachanua kama maua. Asubuhi macho makavu, kama yana vumbi ndani. Matone niliyopewa niliacha wiki ya pili maana nilikuwa sawa. Rafiki akaninunulia mengine kwa duka la dawa, yanaondoa wekundu vizuri sana, nayatumia wiki mbili sasa. Nimeharibiwa? – Mwanaboda, Nakuru

Kaka, kabla ya taa na malori, ilete hiyo chupa karibu na macho yako mapya uisome. Ikiwa imeandikwa dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Ni dawa nzuri, hata daktari wako alikupa ya jamii hiyo, lakini kwa siku alizozihesabu. Ukijipa mwenyewe bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo haiumi. Macho hayakuwashi, huoni wekundu. Unaona raha tu, huku mshipa wa kuona unaliwa. Ikiwa imeandikwa tetracaine au jina lolote la ganzi, ifunge leo hii, maana ganzi ya kila siku huila konea. Vyovyote iwavyo, wiki hii nenda kliniki ya macho yoyote Nakuru, beba chupa, sema «nimefanyiwa LASIK, nimetumia hii siku kumi na nne, nipimeni presha». Usione haya. Tumeona wengi, na hatuchapi mtu.

Ukavu una sababu yake. Kifuniko kinapokatwa, mishipa midogo ya hisia iliyomo kwenye konea hukatwa nayo. Jicho likawa halijui kwamba limekauka, kwa hiyo haliiti machozi. Mishipa huota tena, polepole, kwa miezi. Mpaka hapo unaliitia wewe: machozi ya bandia, yasiyo na kemikali ya kuhifadhia kama utayapata, mara nne kwa siku au zaidi, hata unapoona uko sawa. Hasa unapoona uko sawa. Wewe kosa lako lilianzia hapo, na ndilo ninalokutana nalo kuliko yote: mtu anaona vizuri, anadhani amepona. Kuona ni siku moja, kupona ni miezi.

Maua ya taa huletwa na huo ukavu, uvimbe mdogo uliobaki, na mboni inayopanuka gizani hadi kuzidi sehemu iliyopigwa leza. Kwa walio wengi hupungua kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Wachache hubaki nayo kiasi. Kwa sasa usibebe abiria usiku. Najua ndipo pesa ilipo, hasa Ijumaa. Lakini yule anayekushika mabega hajui una wiki tano tu tangu kisu. Mchana shusha kioo cha helmeti mpaka chini. Watu husema jina la mji wenu linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mimi niliyewahi kutembea Nakuru mwezi wa Februari sina ubishi. Likiingia, lioshe kwa machozi ya bandia. Usisugue. Ukishindwa kujizuia usiku, bandika zile ngao za plastiki ulizopewa siku ya kwanza, kama hujazitupa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Kakamega, miaka 58. Mbali naona vizuri, gazeti ndilo lanishinda bila miwani. Jirani yangu alipigwa leza ya macho akaambiwa asahau wasiwasi. Nami naweza kuachana na miwani ya kusomea? – Mwalimu

Mwalimu, barua yako ina mwandiko wa ubaoni, nimeionyesha kila mtu hapa kazini. Leza ya jirani yako huenda ilikuwa nyingine kabisa, ya presha ya jicho au ya mishipa ya kisukari. Zote huitwa leza, kama vile panga na wembe vyote ni chuma. Shida yako ni lenzi ya ndani ya jicho, ambayo kuanzia miaka arobaini hivi hukakamaa ikakataa kujikunja kwa ajili ya herufi za karibu. Leza ya konea haiilainishi. Wapo wanaorekebishwa jicho moja lione mbali na jingine karibu, lakini lijaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa. Wengine kichwa huwazunguka. Kwa umri wako ningeanza na uchunguzi wa mtoto wa jicho na wa presha. Hospitali ya macho ya Sabatia, Vihiga, haiko mbali nawe. Na miwani ya kusomea ni bei ya kuku. Nunua mbili, moja ikae kwenye Biblia.

Mwanangu ana miaka 16, yuko bweni hapa Kitale. Miwani tumebadilisha mara tatu kwa mwaka mmoja na nusu. Macho humwasha, anayafikicha tangu utotoni mpaka yanakuwa mekundu. Sasa anataka leza kwa sababu wenzake wanamcheka. Baba yake yuko tayari kuuza ndama. – Mama wa Kitale

Mama, ndama abaki. Barua yako nimeisoma mara mbili na si leza iliyonishtua. Mtoto wa umri huo macho bado yanabadilika; leza husubiri angalau miaka 18, na nambari ya miwani iwe imetulia mwaka mzima au zaidi. Lakini mizio (aleji) inayowasha, kufikicha, na nambari inayokimbia hivyo, vikikaa pamoja, vinanifanya nifikirie keratokonasi: konea inakonda na kuchongoka mbele kama ncha ya yai. Ukiipiga leza ya kupunguza konea ya namna hiyo, unabomoa ukuta uliokwisha kupata ufa.

Sikusema anayo. Nasema apimwe ramani ya konea, na asingoje likizo ya Desemba. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Ikigunduliwa mapema, ipo tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, isimame ilipofika. Ikichelewa sana, ndipo watu huanza kuzungumzia konea ya kupandikizwa. Wakati mnangoja, atibiwe mizio kwa dawa ya daktari, na si kwa matone ya duka. Macho yakimwasha, aweke kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya kope zilizofungwa. Mpe taulo dogo la kazi hiyo aende nalo shule. Mkatie na kucha. Kwa hao wanaomcheka, mwambie mwalimu wa bweni kimyakimya. Ukisema hadharani watamwongezea.

Harusi yangu ni wiki saba zijazo, Busia. Nataka kuingia kanisani bila miwani na kope za bandia ndefu. Nina −3.25, miaka 29. Nifanye leza sasa hivi? – Bibi harusi mtarajiwa

Fanya baadaye. Wiki saba zaweza kutosha kwa macho kuona, ila huna hata uhakika utafaa LASIK au utaangukia PRK kama mimi. Bibi harusi mwenye ukungu na macho makavu, ndani ya hema lenye vumbi, huku mpambaji akimsukasuka kope kwa gundi na kibanio, ni picha nisiyoitaka. Kisha fikirieni na mwenzako: ujauzito na kunyonyesha hubadilisha vipimo vya macho, kwa hiyo leza haifanywi wakati huo. Kama mna haraka ya mtoto, leza itasubiri mpaka aache ziwa na macho yatulie. Kama hamna haraka, mwakani kuna nafasi.

Kwa siku yenyewe, tafuta lenzi laini za kuvaa siku moja na kutupa. Pimwa wiki hii, ujifunze kuzitia na kuzitoa kwa mikono iliyonawa mpaka uzoee, usingoje asubuhi ya harusi. Usilale nazo hata sherehe ikikesha. Na mwambie mpambaji mapema: lenzi kwanza, kope baadaye.